Uzi wa visanduku: kuficha muhuri mlimani na kuutafuta na watoto (Mbeya, Iringa na majirani)

#1 Mzee wa Uyole

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Tukuyu, na wengine wote shikamooni au mambo, kila mtu achague yake.

Naleta mchezo ambao nyumbani kwangu tunaucheza tangu Juni mwaka jana. Nina watoto wawili, na wa dada yangu wawili wanashinda kwangu wikendi. Kabla ya hapo Jumamosi ilikuwa katuni tangu asubuhi mpaka umeme ukatike. Siku hizi ikifika Alhamisi wananiuliza, "Baba, tunapanda wapi?"

Wazungu wanauita letaboksi. Sisi nyumbani tunasema visanduku tu. Mtu anaficha kisanduku kidogo nje, mlimani au pembeni ya msitu. Ndani anaweka daftari dogo na muhuri aliouchonga kwa mkono wake, kisha anatunga fumbo la kukufikisha pale. Wewe unakwenda na muhuri wako na daftari lako. Ukikipata, unagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, unagonga wa kwako kwenye daftari lake, unaandika tarehe, unarudisha kila kitu kilivyokuwa, unaondoka. Huchukui kitu na hakuna zawadi. Mtoto wangu wa mwisho siku ya kwanza alilia aliposikia hakuna zawadi. Leo daftari lake halishikwi na mtu.

Chimbuko lake ni Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, nyika ya mawe na matope ambayo kwa picha naiona kama Kitulo ya Julai, maua yakiwa yameshakwisha. Mwaka 1854 mwongoza wageni mmoja, James Perrott, aliacha chupa mahali panaitwa Cranmere Pool, mbali na njia, ili anayefika aweke kadi yake kuonyesha kwamba kweli alifika. Baadaye watu wakawa wanaacha humo postikadi zenye anwani, na anayefuata kufika anazibeba na kuzitia posta. Hapo ndipo jina la letaboksi, yaani sanduku la barua, lilipotoka. Marekani mchezo ulishika baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998.

Hadi sasa nimeficha vitatu. Kimoja kiliniponza, nitakisimulia nikipata nafasi. Karibuni.

#2 Kamwene82

Mkuu, hii si ndiyo ile ya kutafuta vitu kwa GPS? Jamaa yangu wa Dar aliwahi kunionyesha kwenye simu.

#3 Mzee wa Uyole

Ni ndugu yake mdogo, mkuu. Ile ya GPS ilizaliwa Mei 2000. Serikali ya Marekani ilikuwa inavuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia, ikaacha, na siku moja baadaye mtu akaficha ndoo porini kule Oregon akatangaza namba za mahali ilipo. Ile unafuata mshale kwenye simu, na mara nyingi ndani kuna vitu vya kubadilishana. Hii unapewa fumbo, unatumia macho na dira, na unachoondoka nacho ni alama ya wino.

Kwa watoto naipenda hii. Simu inabaki mfukoni, halafu nusu ya mchezo ni kuchonga.

#4 Mama Pacha wa Mafinga

Hapo kwenye kuchonga ndipo ulipotakiwa kuanzia, kaka yangu. Muhuri unachongwaje? Au tunapeleka kwa wale mafundi wa mihuri mjini?

#5 Mzee wa Uyole

Dada, kwa fundi usiende, utamu wote unabaki kwake.

Sisi tulianza na ndala iliyokatika. Unakata kipande cha kisigino, kile ambacho hakijaliwa sana, unakisugua kwenye sakafu ya saruji yenye maji mpaka kiwe tambarare. Mtoto anachora picha kwa penseli laini kwenye karatasi, anakandamiza sana. Unalaza karatasi kifudifudi juu ya raba, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Picha inahamia kwenye raba ikiwa imegeuka kushoto kulia, na ndivyo inavyotakiwa, maana ikigongwa itageuka tena. Usimwache mtoto achore moja kwa moja kwenye raba kama kuna maandishi. Mpwa wangu alichonga jina lake siku nzima, alipogonga likasomeka kama la Kirusi.

Baada ya hapo unaondoa kwa wembe kile usichotaka kionekane. Wembe anashika mkubwa, mtoto anaelekeza. Kosa letu la kwanza lilikuwa kukata mstari kwa kuuchimbia chini kwa ndani, ukingo ukabaki hauna kitu cha kuushikilia, ukavunjika tulipogonga mara ya tatu. Wembe uinamishe uende nje, mstari ubaki na kitako kipana kama tuta la viazi.

Ndala ina vitundu, kwa hiyo vitu vidogo vidogo havitoki. Jani moja kubwa, samaki, jua, sawa. Ukitaka manyoya ya ndege, tumia ufutio mweupe wa shule, ule mkubwa. Ukimaliza gundisha kwenye kipande cha mbao ili pawe na pa kushika. Na wino, usiushindilie muhuri kwenye pedi. Geuza muhuri uso juu, ugongegonge kwa pedi polepole, wino ukae juu tu usiingie mabondeni.

#6 Dereva wa Chimala

Nimeharibu ndala ya mke wangu sasa hivi. Ilikuwa nzima.

#7 Mama Pacha wa Mafinga

😂😂 Pole, ulale sebuleni.

#8 Mkulima wa Parachichi

Mimi niwaharibie raha kidogo. Mihuri ya kuchonga nyumbani? Siku ukikutwa nayo kwenye begi mtu akasema unaghushi nyaraka, utamweleza nini?

#9 Mzee wa Uyole

Swali zuri, na ameshaniuliza mtu mwenye cheo, tena hakuwa anacheka. Jibu langu: chonga picha tu. Hakuna ngao ya taifa, hakuna duara lenye maneno pembeni na nafasi ya tarehe katikati, hakuna jina la ofisi wala shule. Muhuri wenye kobe hauwezi kupitisha hati ya kiwanja.

#10 Kamwene82

Sema viwanja vingine vimepitishwa kwa hata chini ya kobe.

Tuachane na hayo. Kile kilichokuponza vipi?

#11 Mzee wa Uyole

Haya. Kaeni vizuri.

Kisanduku cha pili nilikipeleka kilima kimoja upande wa huku kwetu, kijiji sikitaji. Tulikuwa mimi na watoto wanne. Nilikuwa na dira mkononi, natembea nahesabu hatua kwa sauti, nasimama, nageuka, natazama mlima, naandika kwenye karatasi. Watoto wananifuata kwa mstari. Vijana wa ng'ombe walikuwa juu wamekaa kwenye jiwe, nikawapungia mkono, wakanipungia.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kopo la bati nililolipaka rangi nyeusi lisionekane. Ili maji yasiingie nikalizungushia kitambaa kilichobaki kwenye sare ya shule ya binti yangu. Sare yao ni nyekundu. Nikalisukuma chini ya mizizi ya mkaratusi mkubwa, nikafunika na majani. Na muhuri wa siku ile alikuwa amechonga binti yangu mkubwa, kwa ufutio, kazi ya siku tatu, mzuri kuliko yote tuliyowahi kuchonga.

Bundi.

Wakuu, kopo jeusi, kitambaa chekundu, chini ya mti mkubwa, ndani picha ya bundi na daftari lenye majina ya watoto. Mimi mwenyewe nikiisoma leo nataka kukimbia.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu inaita, namba ngeni. Bahati nilikuwa nimeandika namba yangu ukurasa wa kwanza wa daftari. "Wewe ndiye mwenye hiki kitu? Njoo ofisi ya kijiji, na njoo mapema."

Nikaenda na binti yangu. Tumefika tumekuta watu kama thelathini nje. Kopo limewekwa katikati ya uwanja, hakuna aliye karibu nalo, limezungushiwa duara la majivu. Nikaona kuna kambi mbili. Moja inasema ni kafara, nimekuja kutega watoto wa watu. Nyingine, ya vijana wa ng'ombe, inasema hapana, huyu anapima, anatafuta mali za Mjerumani, tulimwona na mashine. Mashine ni dira yangu ya elfu kumi na tano. Kati ya kambi hizo sikujua ipi ni salama zaidi, maana ya pili walikuwa wameshaanza kuchimba pale kwenye mkaratusi.

Mwenyekiti akaniambia nifungue mwenyewe. Nikafungua. Nikaanza kueleza habari za Dartmoor na mwaka 1854, naona macho ya watu yanazidi kuwa madogo. Binti yangu akanivuta shati, akachukua pedi, akagonga bundi kwenye kiganja chake, akamwonyesha mtoto mmoja aliyekuwa mbele. Yule mtoto akatoa mkono, akagongwa. Baada ya dakika tano kulikuwa na foleni ya watoto wanaotaka bundi mkononi na mama zao wanawavuta kwa nyuma.

Aliyeniokoa hasa ni bibi mmoja ambaye shamba lake linapakana na kile kilima. Alikuja mbele, akainama, akamwuliza binti yangu, "Mjukuu wangu, ndege wote hawa, kwa nini bundi?" Akajibu, "Bibi, kwa sababu anaona usiku, na mimi naogopa giza." Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Lakini kwangu usimlete."

Tukayamaliza hapo. Nililipa soda kreti mbili na nikafukia shimo la mkaratusi kwa jembe, vijana wananiangalia.

#12 Dereva wa Chimala

DUARA LA MAJIVU 😭😭😭

#13 Mkulima wa Parachichi

Mkuu, ulikosea mwanzo kabisa. Unaingiaje kwenye ardhi ya watu unaficha kitu bila kupiga hodi? Hata bila bundi ungekamatwa tu. Huku kwetu Rungwe hata mgeni akisimama sana kuangalia migomba anaulizwa shida yake.

#14 Mzee wa Uyole

Nakubali, na ndicho nilichokuja kusema kwenye uzi huu. Kule kwao mchezo unasema kisanduku kisijulikane na mtu yeyote asiyecheza. Kwetu nimeona ni kinyume. Kiwe fumbo kwa anayekitafuta, lakini mwenye eneo, mwenyekiti na wachunga ng'ombe wakijue. Wakikijua hawakigusi, tena wanakilinda. Wasipokijua kina siku mbili.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule bibi na sukari kilo mbili, nikaomba. Alikubali kwa masharti: kisiwe na rangi nyekundu, bundi asiwepo, na kiwe upande wa shamba lake ili akione anapopalilia. Sasa kipo kwenye hotpoti ya plastiki ya kijani yenye kifuniko cha kubana, muhuri ni parachichi lililokatwa katikati. Nimeandika juu kwa rangi isiyofutika: MCHEZO WA WATOTO, FUNGUA, SOMA, RUDISHA, na namba yangu. Kina miezi minane.

#15 Msafwa Asilia

Mimi nimevutiwa na hiyo ya kuhesabu hatua. Mimi na mwanangu tulijaribu nyumbani, nikamwandikia hatua 40 kutoka kwenye bomba, akaishia kwenye banda la kuku. Mimi naishia kwenye choo.

#16 Mzee wa Uyole

Ndiyo tatizo la hatua. Wacheza wengi wa kule wanahesabu hatua moja pale mguu uleule unapogusa chini mara ya pili, yaani mbili zetu ni moja yao. Halafu kuna kupanda mlima, hatua inakuwa fupi, na kuna mtu mrefu kama shemeji yangu ambaye akihesabu kumi anakuwa ameshafika Igawilo. Mimi nimeziacha. Natumia vitu visivyohama, na nawaachia watoto watunge kitendawili. Wanatunga vizuri kuliko mimi, sisi wakubwa tunaeleza mno.

#17 Mwalimu wa Makete

Nimesoma uzi wote, hongera. Nina mambo mawili matatu ya hali ya hewa, maana huku kwetu Juni hadi Agosti asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, na Desemba mpaka Aprili ni mvua na ukungu.

Kalamu ya wino isiwekwe kwenye kisanduku, maji yakigusa daftari kila kitu kinaoga. Wekeni penseli. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, vitieni humo. Msiweke pipi wala biskuti, panya hutoboa plastiki kwa ajili ya harufu tu. Kisikae juu ya udongo, mchwa wanapenda daftari kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kufundisha. Kiwe juu ya jiwe, na jiwe jingine juu yake. Na mtoto asiingize mkono kwenye pango au chini ya jiwe kabla hamjapitisha fimbo. Nyoka naye anatafuta pa kujificha palepale unapopatafuta wewe.

#18 Kamwene82

Iringa tuanzie wapi? Nilikuwa nawaza jiwe la Gangilonga, jua likizama pale ni pazuri mno, au Isimila kwenye zile nguzo.

#19 Mwalimu wa Makete

Isimila hapana, kaka. Pale kuna zana za mawe za watu wa kale, na zile nguzo ni udongo uliochongwa na maji, mtoto akipanda kutafuta kisanduku zinamomonyoka. Vivyo hivyo Igeleke kwenye michoro ya miambani. Hata kule Dartmoor kwa wenye mchezo, miiko yao inakataza kuweka kisanduku kwenye mabaki ya kale au kwenye kuta za mawe, na inakataza kukijengea kwa saruji. Mmeona kimondo cha Mbozi kilivyokatwakatwa pembeni na watu waliotaka ukumbusho. Tusiwape watu sababu ya kupekuapekua.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, usiache kitu humo. Ziwa Ngozi nako ni msitu wa hifadhi, kaulize kwanza kwa wenye msitu.

#20 Kamwene82

Nimekuelewa mwalimu. Gangilonga je?

#21 Dereva wa Chimala

Gangilonga kila jiwe lina wapenzi wawili nyuma yake. Utatafuta kisanduku utapata kesi.

#22 Mama Pacha wa Mafinga

Mimi nitaweka kwenye miti ya baba mkwe wangu huku Mafinga, misindano yake mwenyewe, na ruhusa nimeshapewa. Pacha wanachonga, mmoja kinyonga mwingine nyundo. Sijui kwa nini nyundo. Tuwekee fumbo la kile cha bibi basi, jamaa yangu anakuja Uyole Jumamosi na watoto wake.

#23 Mzee wa Uyole

Hili hapa, limetungwa na binti yangu na mpwa wangu. Pa kuanzia ni kwa mwenyekiti wa kijiji, njoo PM nikupe jina la kijiji. Lazima mpite kwake msalimie.

*Kitendawili!*
*Ndugu watatu wamevua mashati, yananing'inia viunoni, na baridi hawaisikii.*
*Mpe mgongo wa katikati, mwangalie Loleza usoni.*
*Mfuate msemaji anayeongea mchana kutwa wala hamezi mate.*
*Mvuke pale anaponong'ona.*
*Bibi ameketi tangu azaliwe, hajawahi kuinuka. Anachokikalia ndicho chako.*

#24 Msafwa Asilia

Wa kwanza mikaratusi, inavyobanduka magome. Loleza ni ule mlima wa Mbeya. Msemaji ni kijito. Wa mwisho jiwe?

#25 Mzee wa Uyole

Mkuu umemaliza mchezo ukiwa kwenye kochi 😂 Nenda ukaone kama ni jiwe lipi, yapo kama mia.

#26 Mama Pacha wa Mafinga

Ripoti ya Jumamosi. Jamaa yangu amenitumia, naibandika kama alivyoandika:

"Tulifika kwa mwenyekiti saa nne, akatupa kijana wa kutuonyesha njia, kijana akakataa kutuambia jiwe, akasema ameapishwa. Mawe tuliyoinua ni mengi, siafu walitupata mara moja. Kisanduku alikiona wa darasa la pili, sisi wakubwa tulikuwa tumekipita mara mbili. Daftari lina mihuri kumi na moja, kuna ng'ombe, kuna bajaji nzuri sana, kuna kitu ambacho kinaweza kuwa kiazi. Halafu katikati ya mihuri, karibu kila ukurasa, kuna dole gumba. Tarehe hakuna, jina hakuna, dole tu la wino wa buluu, kubwa, lina kovu katikati. Nikamwuliza kijana, akasema ni bibi mwenye shamba, kila akija kupalilia anafungua anaangalia kama kipo salama, na yeye anagonga kama wengine. La mwisho lilikuwa bado halijakauka, limenichafua mkono wa shati."

#27 Mzee wa Uyole

Mimi mwenyewe sikulijua hilo. Jumapili napanda.